Mashine Iliyorudi na Kitu Ndani

Mwaka jana nilialikwa harusini Kisauni, na sisi wanawake wa makamo tukatengewa kazi ya kumenya vitunguu thomu uani. Kando yangu alikaa bibi mmoja akiilalamikia simu yake. Asubuhi hiyo ameikuta imejiongezea vitu vipya bila kumuuliza, na tangu hapo pale mahali pa kutazama picha za wajukuu hapafunguki. "Ipo, naiona kwa macho yangu," akasema, "lakini nikiibonyeza haiji." Nikainua uso. Upande wa pili wa sinia, Mwanaidi, ambaye sikuwa nimemuona tangu aolewe akahamia Maskati, alikuwa ameshainua wake. Alianza yeye kucheka, nikafuata mimi, mpaka yule bibi akadhani twamcheka yeye, akanuna. Ikabidi tumwombe radhi. Hatukuweza kumweleza, maana ni habari ndefu na yataka mtu asiye na sinia la thomu mbele yake. Basi naieleza hapa.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nakaa Likoni, na kila asubuhi nilikwenda Changamwe kwenye karakana ya Bwana Muli. Naiita karakana kwa heshima tu. Vilikuwa vyumba viwili ghorofani, juu ya nyumba ya Mama Rehema. Cha kwanza kilijaa vyuma, drili na vumbi la kukata mabati. Cha pili kilikuwa na dirisha linalotazama uani, kompyuta moja na meza mbili. Meza moja ilikuwa ya Bwana Muli. Ya pili ilikuwa imebebeshwa masanduku, haina mwenyewe, na hiyo ndiyo niliyoitolea macho. Mimi nilikalia stuli, kwa kuwa nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. "Ukipita, hizo masanduku zinatoka na meza ni yako," aliniambia siku ya kwanza kwa Kiswahili chake cha Machakos. "Usipopita, naita mtu wa Nairobi." Mimi nilikuwa nimetoka kupiga taipu miaka miwili katika ofisi moja huko kisiwani, barua za watu wengine kutoka asubuhi hadi jioni, na niliapa sirudi. Meza ile niliitaka kuliko nilivyotaka mume, na wakati huo posa zilikuwa mbili.

Sakafu ya vyumba vile ilikuwa ya mbao, na yaliyosemwa chini yalipanda juu pamoja na harufu ya chakula. Mama Rehema alikuwa mkarimu. Juma la kwanza Bwana Muli alipohamia, alimpelekea bakuli la mbaazi za nazi na mahamri manne. Bwana Muli akala, akaliosha bakuli likang'aa, akalirudisha. Likapita juma zima bila kitu kupanda ngazi. Mimi nilipoajiriwa nilisikia wazi Mama Rehema akimwambia jirani yake kwamba yule bwana si mbaya, ila labda kwao vyombo hurudishwa vitupu. Nilimweleza Bwana Muli kwamba kwetu bakuli la mtu halirudi hivi hivi. Unatia chochote, hata ndimu mbili, unafunika, unampa mwenyewe, na wala husemi umetia nini. Kusema ni kujionyesha. Alinisikiza kama mwanafunzi. Alipotoka kwao mara iliyofuata alilirudisha bakuli limejaa maembe mpaka kifuniko kikakataa kukaa, na tangu siku ile vita vya bakuli havikwisha. Lilipanda na viazi vya karai, likashuka na asali. Lilipanda na samaki wa kupaka, likashuka na parachichi. Mimi nilinenepa katikati.

Kazi yetu ilikuwa mizani ya malori. Kwenye godauni moja la chai kule Chaani tulikuwa tumeweka sahani kubwa ya chuma ardhini, lori likipanda juu yake, bodi ndogo ya kompyuta isome uzito na kutoa tikiti. Bodi ile ilikuwa pana kama kiganja changu, ikiendeshwa na programu ya Linux, nayo ilikuwa na nafasi finyu sana ndani. Haikuwezekana kujengea programu juu yake. Tulijenga kwenye kompyuta ya ofisini, tukaipeleka programu kwa diski ya flopi. Na programu haibebi kila kitu yenyewe. Mambo ya kawaida, kama kuandika maneno au kusoma faili, huyaazima kwenye vitu vilivyokwisha tengenezwa, ambavyo siku hizi vijana huviita maktaba na sisi tulisema laibrari. Sharti lilikuwa moja: laibrari za kompyuta ya kujengea na za kwenye bodi ziwe za toleo lile lile. Zetu zilikuwa sawa, nilizipachika mwenyewe kwa diski ya sidi ya kuazima, na kwa kuwa zilikuwa sawa sikuzifikiria tena. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

La pili ni Mwanaidi. Huyu alikuwa shoga yangu tangu skuli, akifundisha kompyuta katika chuo kidogo pale Kisauni, na ile sidi niliyoazima ilikuwa yake. Siku moja akanijia na uso umemshuka. Mashine ya chuo imekufa, wanafunzi wana mtihani, naye hajatayarisha hata swali moja. Bwana Muli alikuwa safarini Nairobi kutafuta masanduku ya chuma ya kufunikia bodi. Kuomba ruhusa sikuweza, na kumnyima Mwanaidi sikuweza vilevile. Ijumaa tukaifunga kompyuta kwa leso mbili kama mtoto mchanga, tukaipakia kwenye teksi, akenda nayo. Jumatatu asubuhi ilikuwa imerudi, imepanguswa vumbi hata nyuma ambako mimi sijawahi kupangusa. "Ahsante, shoga," akasema, akacheka kichini chini akashuka ngazi. Nilidhani anafurahia mtihani.

Jumanne Bwana Muli akarudi. Watu wa godauni walikuwa wametaka tikiti ionyeshe namba ya lori pia, na walikuwa waje kuitazama Jumatatu inayofuata, juma la mwisho la miezi yangu mitatu. Lilikuwa badiliko dogo. Nikaandika, nikajenga, ikafanya kazi kwenye kompyuta bila kukwaruza. Nikaipeleka kwenye bodi, nikaiita. Skrini ikanijibu, kwa Kiingereza chake cha mkato, kwamba faili hiyo haipo. Nikaorodhesha faili. Ipo. Jina lake lile lile, ukubwa wake ule ule. Nikaiita tena. Haipo. Nilibadilisha flopi tatu. Nilibadilisha waya. Niliifuta nikaijenga upya mara saba. Bwana Muli akaja kusimama nyuma ya stuli yangu na kikombe chake. "Riziki, hii kitu inasema nini?" Nikamwambia yasema faili haipo. "Na iko?" Iko. "Sasa inadanganya nani?" Nikaifuta nikaijenga mara ya nane. Ijumaa aliondoa simu kwenye meza yake akaiweka juu ya masanduku ya meza ya pili, mbele ya macho yangu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Jumatatu ikikataa," akasema, "napigia Nairobi." Kutoka chini nikamsikia Mama Rehema akiuliza mbona leo bakuli limerudi na mbaazi zake zile zile. Nilikuwa sijaweza kula.

Leo mtu akikwama hivyo huuliza ulimwengu mzima na kujibiwa kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja kilichochanika na akili zetu. Jumamosi akili zangu zilikwisha, nikenda kwa kina Mwanaidi kula mchana, nia yangu niketi mahali penye watu. Mamake alikuwa amepika wali wa nazi na mchuzi wa papa, na achari ya embe pembeni. Chumba chao cha kulia kilikuwa na mkeka mmoja mpana na kabati la vioo lililojaa vikombe visivyotumika na sidi za Mwanaidi. Nilikuwa nimefika nusu ya sahani ndipo Mwanaidi aliposhindwa kuvumilia. "Kwani wewe," akasema, "juma zima hujasema lolote?" Nikamuuliza lolote la nini. "Nilichokutilia." Nikaacha kutafuna. "Umenitilia nini, wapi?" Akatabasamu, akainamisha macho kama bibi arusi. Nduguye anayefanya kazi melini alikuwa amemletea sidi mpya kutoka ng'ambo, laibrari za toleo jipya kabisa, hata chuo hakijazipata. Angewezaje kunirudishia mashine tupu, baada ya mimi kumwokoa vile? Siku mbili alikuwa hatoki ndani, akizipachika moja moja. Za zamani amezifuta, nafasi isije ikabana.

Sasa nikaelewa yote kwa pamoja. Programu ikiamka, jambo la kwanza humwita kwa jina msaidizi wa kuipakia pamoja na laibrari zake. Toleo jipya lilikuwa na msaidizi wa jina jingine, ambaye kwenye bodi yetu ya zamani hayupo kabisa. Asiyekuwapo ni yeye, si programu yangu, lakini mashine haisemi ni nani hayupo, yasema tu hayupo. Nilipaswa kucheka. Badala yake hasira ilinipanda mpaka masikioni, kwa kuwa niliiona meza yangu ikienda na mtu wa Nairobi ameketi juu yake. "Nani alikutuma?" nikamwambia Mwanaidi. Kwetu neno hilo, ukimwambia mtu aliyekufanyia hisani, ni afadhali umpige kofi. Uso wake ukabadilika. Mamake akaweka chini upawa. "Siku mbili, Riziki," Mwanaidi akasema polepole. "Wallahi siku mbili sikuona jua." Nikamwambia angezitumia kulala. Nikanawa mkono sahani ikiwa haijafika mwisho, nikavaa viatu, nikatoka.

Nilitembea kwa hasira hadi Kongowea. Pale sokoni nikapisha mkokoteni uliojaa makabichi, mchukuzi akanitukana kidogo kwa sababu nilipisha upande usiofaa, na nikiwa nimebanwa kati ya lori na magunia ya viazi ndipo likanijia jambo ambalo kila mwenye akili angelifikiria kabla ya kutoka mlangoni. Laibrari za zamani zimefutwa. Sidi ya zamani iko kwenye kabati la vioo. Kabati liko nyumbani kwa watu ambao nimeuacha wali wao. Nilisimama pale nikajiona mpumbavu wa hali ya juu. Nikanunua machungwa, kwani kurudi mikono mitupu nisingeweza hata siku hiyo, nikageuza.

Mlango ulifunguliwa na mamake. "Umerudi kuteta au kula?" akaniuliza. Nikamwambia kula, mama. "Basi ketini." Alisema ketini kwa wingi, nami nikajua nimewekwa umbali. Sahani yangu ilikuwa pale pale, imefunikwa kawa. Nikala wali uliopoa, mpaka punje ya mwisho, huku Mwanaidi ameketi kwa upande akimenya chungwa asilolila. Nilipomaliza nikamwambia, "Nisamehe. Nimesema neno baya." Akasema, "Umesema." Nikamwambia niliogopa. Akauliza kuogopa nini, na hapo nikatambua kwamba habari ya meza, na majaribio, na mtu wa Nairobi, sikuwahi kumwambia hata siku moja. Niliona haya kumwambia naitaka sana, nisije nikaikosa akanihurumia. Nikamwambia yote. Nililia pia, nisifiche. Mwanaidi akanisukumia lile chungwa. "Ungenambia," akasema. Nikamjibu na yeye angenambia. Mamake, aliyekuwa jikoni akijifanya hasikii, akasema kwa sauti kwamba wote wawili tungesema, wali wake ungeliwa ungali moto.

Jumapili tulikwenda Changamwe pamoja. Mama Rehema alitupa ufunguo na bakuli. Mwanaidi alizitoa laibrari zake mpya kwa mkono wake mwenyewe, nami sikumharakisha. Zilibaki kwenye sidi yake tu, akaipangusa kwa ncha ya buibui, akairudisha kwenye kifuko chake. Kisha tukapachika za zamani. Ilipofika alasiri nikajenga upya, nikapeleka kwenye bodi, nikaiita. Ikaamka kana kwamba haikuwa na ugomvi na mtu. Tulikuwa na sahani ndogo ya majaribio, inayotosha mtu mmoja kusimama, na Mwanaidi akapanda juu yake kabla sijamwambia. Kichapishi kikatoa tikiti, safi, uzito na namba ya lori. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia kifuani, akasema mizani yetu ni mibovu na godauni watatushtaki.

Jumatatu Chaani kulikuwa na karani wa mizani, mtu mzima mwenye kalamu juu ya sikio, ambaye alikuwa amewaambia wenzake wote kwamba mtambo wa Bwana Muli hautafika saa sita mchana bila kuzimika. Lori la kwanza la chai likapanda. Tikiti ikatoka. La pili, la tatu. Karani akaitazama ya nne kwa nuru ya jua, akaitoa kalamu sikioni akaitia mfukoni. Watu wa godauni walimpa Bwana Muli mkono. Tulipokuwa twarudi kwa miguu hadi barabara kuu akaniuliza, "Sasa, ilikuwa nini?" Hapo ningeweza kusema ilikuwa hitilafu ndogo nimeirekebisha, na ingekuwa nusu ya kweli, na jioni ile ile masanduku yangetoka mezani. Mdomo wangu ulishafunguka kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka na vitu vinavyofunikwa. Nikamwambia niliiazimisha mashine bila ruhusa yake, nikamtajia nani, na kwa nini ilirudi vile.

Alipisha lori moja la chai. Kisha akacheka kidogo kwa pua. "Kwa hivyo ni kama yale maembe yangu," akasema. Nikasema ndiyo, Bwana Muli. "Maembe yangu hayakuzima jiko la Mama Rehema." Nikasema hapana. Akanena kwamba kazi ni nzuri, na kweli ameipenda, lakini majaribio yangu anayaongezea mwezi mmoja. Na mwezi huo mashine ikitoka tena, uamuzi niufanye mimi na lawama nizibebe mimi. Ikirudi na kitu kimoja ndani ambacho hakikuwamo, meza nisahau. Nilivumilia mpaka alipopanda ngazi mbele yangu, halafu nikaingia kwa Mama Rehema nikalia mara ya pili ndani ya siku tatu. Alinipa mahamri.

Nilijua Mwanaidi atakuja. Mashine ya chuo ilikuwa haijatengenezwa, na mtihani wa pili ulikuwa juma la tatu la mwezi ule wa nyongeza. Alikuja Ijumaa na leso zake mbili, akasimama kwenye kizingiti, akasema nikikataa haitamuuma. Uongo huo. Bwana Muli alikuwa mezani kwake anajifanya kusoma. Nilijua wanafunzi wake thelathini wanangoja, na nilijua pia Mwanaidi alivyo: moyo wake haujui kukaa bila kutia kitu. Nikampa mashine. Nikachukua karatasi, nikaandika maneno ambayo sikuwahi kumwandikia binadamu, tena shoga yangu: Tafadhali irudishwe tupu. Niliona haya. Tukaifunga mashine, nikaibandika karatasi juu ya leso. Aliisoma akiwa ameshaibeba mashine, akashuka nayo.

Siku tatu zile sikupata usingizi wa maana. Jumatatu alfajiri nilifika kabla ya mtu yeyote, naye akafika nyuma yangu. Tukaifungua leso, tukaichomeka. Nilitazama tarehe za faili zote, moja baada ya nyingine, za laibrari na zisizo za laibrari, kwa nusu saa nzima, na Mwanaidi amesimama dirishani amenipa mgongo. Hakukuwa na kitu. Hata maswali yake ya mtihani aliyafuta. Hata vumbi la nyuma hakulipangusa, lilikuwa limekaa palepale. Nikajua ilimgharimu kiasi gani, mtu wa nyumba ile, kuibeba mashine ile kutoka Kisauni mpaka Changamwe ikiwa haina chochote. Bwana Muli alipoingia nikamwambia iko vilevile ilivyotoka. Hakukagua. Alivua koti, akabeba sanduku la kwanza kutoka kwenye ile meza ya pili akaliweka sakafuni, kisha la pili.

Nilimsindikiza Mwanaidi hadi chini. Nilitaka kumshukuru na sikujua mtu hushukuriwaje kwa kutokutia kitu. Kwenye ngazi ya mwisho akanishika mkono, akaangalia huku na huku kama kuna anayetusikiliza.

"Riziki," akaninong'oneza, "mama usimwambie."